Ganzi

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Tartu bado ni giza,
theluji imeyaziba madirisha ya chumba cha chini
nao wanaingia kumi na mmoja, miwani ina ukungu,
makoti meupe yana mikunjo ya dukani.
Mimi si daktari. Semeni Helve, inatosha.
Mimi ndiye ninayefungua mnachofunga vibaya.

Hii ni kekee ya umeme. Ishike kama kalamu,
si kama nyundo, Ruuben, humdai mtu deni.
Pete nyekundu: mota ikizunguka mara moja
ncha imezunguka mara tano.
Ile ya zamani, ya upepo, ilikuwa na adabu ya punda:
ukiilemea inakoroma, inasimama, inakuambia basi.
Hii haisemi. Ukiikandamiza, nayo inakaza.
Italila jino mpaka penye uhai
kwa sauti ileile ya mtu avumaye wimbo akipiga pasi.
Gusa, ondoa. Gusa, ondoa. Maji yatangulie.

Leelo ametoboa taya la plastiki hadi upande wa pili.
Anacheka. Namwacha acheke. Bora hilo kuliko lenye mama yake.

Kila kinywa kikiisha: futa, tia mafuta kwa nyuma,
kichwa kitazame chini, izungushe hadi iteme
kwenye karatasi nyeupe. Yakitoka meusi, rudia.
Yakitoka rangi ya chai, rudia.
Mota usiitie mafuta kamwe; kila mwaka mmoja wenu huitia,
kwa huruma, na kila mwaka mimi huenda kuomba fedha.
Kisha tanuri la mvuke. Kisha ngoja ipoe.
Ufa wa jino mtauziba ninyi. Ufa wa beringi ni wangu.

“Na nikisahau mara moja tu?”
Leelo tena, hajainua macho.

Hapo huwa nazima taa ya meza.

Ilikuwa Machi, mwaka siutaji, wagonjwa wamejaa ukumbini.
Kekee namba saba ilikuwa na mluzi mwembamba,
mluzi wa birika lililo nyumba ya jirani.
Niliusikia.
Nikaandika daftarini: imekaguliwa.
Mwandiko wangu, ile H yangu yenye mkia.
Beringi ikichoka, kichwa cha kekee hupata moto,
na daktari ana glavu, na mgonjwa ana ganzi,
na mdomo uliolala haupigi kelele.
Bi Endla wa posta alirudi kwake akishukuru
kwamba hakuumwa hata kidogo.
Ganzi ikamtoka saa tatu usiku.

Kovu ni dogo, punje ya dengu, pembeni mwa mdomo, kushoto.
Kila Alhamisi ananihudumia, ananipa habari za paka wake.
Hajui kwamba ni mimi. Au anajua.
Nina droo nzima ya stempu na sina wa kumwandikia.

Nawasha taa. Hakuna anayesema.
Nje gari la kuzoa theluji linapita likikwaruza barabara.
Ruuben, yule mwenye mkono wa nyundo,
anavua glavu moja, anaizungusha kekee sikioni,
anaizima, halafu anakiweka kichwa chake
ndani ya kifundo cha mkono, penye mishipa,
kama mzazi anayeonja joto la uji wa mtoto.
Sikumfundisha hilo. Halimo katika kitabu chochote changu.
“Bado,” anasema, na kuchukua tena chupa ya mafuta.

Baadaye napitia daftari.
Ameandika tarehe, namba, jina lake lote.
Safu ya mwisho ameiacha wazi.
Namwita, namwonyesha kwa kidole.
“Najua,” anasema. “Nataka niisikilize tena ikipoa.”